Kishikwambi Mezani, Simu Mfukoni

Jumatatu, 3 Machi

Tableti ya Mama imegoma kusema. Leo asubuhi alibonyeza picha ya kikombe kama kila siku, nikasubiri ile sauti ya mashine iseme "Chai". Kimya. Akabonyeza tena. Badala ya vitufe vyake yakatokea maandishi: programu hii haitumiki tena kwenye kifaa chako, tafadhali sasisha mfumo. Nikaenda kusasisha. Hakuna cha kusasisha! Kampuni iliyoitengeneza ilishaisahau miaka minne iliyopita. Programu inataka mfumo mpya, kampuni haitoi mfumo mpya, na katikati yao amekaa mama yangu hana namna ya kuomba chai.

Tangu kiharusi cha mwaka jana anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki. Mkono wa kulia umelegea, wa kushoto unatetemeka. Tableti ndiyo ulimi wake. Bosi wangu alinipa aliponunua mpya ya kuwaonyesha wateja sampuli za sare, na mwaka mzima nimekuwa nikimtengenezea Mama vitufe — picha na neno, picha na neno. Maneno mia nne na kumi na mawili. Nayajua kama vidole vyangu.

Na huyu alikuwa opereta wa simu! Miaka ishirini na saba ameunganisha watu. Ukinyanyua mkono wa simu mji huu, wa kwanza kukusalimia ni Mama. Leo hana hata "hallo".

Halafu Kaka anakuja Jumapili ya tarehe kumi na sita. Anataka kumchukua akaishi kwake. Nyumba kubwa, mkewe yuko nyumbani siku nzima, mimi nashinda kazini — sababu zake anazo. Nilimwambia kwenye simu kwamba Mama anataka kubaki kwangu. Akajibu kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi: aniambie mwenyewe. Akiniambia kwa maneno yake, namwacha.

Sasa atamwambia kwa nini? Kwa nyusi?

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka kazini mapema, nikaenda kwa shemeji, mume wa mdogo wangu. Ana kibanda cha kutengeneza simu. Mtaa mzima unamwita Injinia na yeye hajawahi kukataa.

Akaigeuza tableti, akaipuliza vumbi, akasema, "Shemeji, hii haijafa. Imetelekezwa tu."

Akaniambia jambo ambalo mpaka sasa linanizunguka kichwani. Kumbe kuna watu wanaandika mfumo wa simu na tableti, kisha wanauacha wazi. Wazi kabisa! Yeyote ausome, yeyote aurekebishe, yeyote auweke kwenye kifaa chake kilichotupwa na kampuni. Hauna mwenyewe. Au una wenyewe wengi mno, sikuelewa vizuri. Nikamuuliza, wanafanya kwa nini? Akacheka. "Wengine kazi yao. Wengine wanapenda tu. Wengine wana kifaa kimoja nyumbani hawataki kife."

Nimemwambia mimi ni mkataji nguo, anieleze kwa kitambaa. Akajikuna kichwa mpaka nikamwonea huruma, kisha nikajieleza mwenyewe. Kampuni inakuuzia shati, lakini ile karatasi ya kukatia, ile tunayoilaza juu ya kitambaa, inaifungia kabatini. Shati likichanika, utajiju. Hawa wengine wanaiacha karatasi juu ya meza, mlango wazi, na mkasi pembeni.

"Haswaa," akasema. Nikavimba kichwa njia nzima.

Akanionyesha simu yake kuukuu, ya miaka minane, imekwaruzika kote. Ndani mfumo wa mwezi uliopita! Inateleza. Nimekata kola mia mbili leo, vidole vinauma, lakini nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba aliyozaliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mabishano. Mezani kwangu, sahani hazijaondolewa.

Shemeji hataki tableti. Anasema mfumo huria, huu ulioachwa wazi, kwenye simu ni jambo la uhakika — simu zina watu. Aina moja ya simu ina mamia ya watu wanaoitunza. Kitu kikiharibika leo, kesho kuna aliyekirekebisha. Tableti ni yatima. Aina hii ya Mama ina mtu mmoja tu duniani anayeishughulikia. Mmoja! Akiumwa mafua, mfumo unaumwa mafua. Tuchukue ile simu yake ya miaka minane, tuweke maneno ya Mama humo, basi.

Nikamwambia, shemeji, umeuona mkono wa Mama? Kwenye tableti anapata vitufe ishirini na vinne, kila kimoja kikubwa kama kipande cha sabuni. Kwenye simu atapata sita vya kubanana. Atataka maji aseme mbu.

Akasema simu inaingia mfukoni. Nikasema Mama haendi popote, mfuko wa nini? Akasema simu ina kamera nzuri. Nikasema anataka kusema, si kupiga picha za harusi. Mdogo wangu alikuwa upande wangu mpaka mumewe alipomtazama. Hapo akakumbuka vyombo vya kuosha.

Tukiwa katikati ya makelele hayo, Mama akapiga meza kwa kiganja. Tukamletea maji. Akayasukuma. Tukamletea dawa. Akatukodolea macho, mimi kisha shemeji kisha mimi, akageuza kiti akatupa kisogo.

Amechoka, nikasema. Tukaendelea kubishana kwa sauti ya chini.

Nimeshinda mimi. Tableti. Jumapili hii tunaibadilishia mfumo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku tatu zimebaki — hapana, nane. Nimechanganyikiwa. Nane mpaka Kaka.

Saa ya mapumziko nilikaa kwenye marobota ya kitambaa cha kaki nikasoma ukurasa wa tableti yetu kwenye simu yangu. Shemeji alinitumia. Nilidhani nitaelewa neno moja kati ya kumi, na ndivyo ilivyokuwa, lakini lile moja!

Kuna orodha ya kila kilichorekebishwa, na tarehe, tangu miaka mitatu iliyopita. Mwanga wa skrini ulikuwa unapepesa, umetulizwa. Spika ya kushoto ilikuwa haisikiki, sasa inasikika. Chaji ilikuwa inadanganya asilimia, haidanganyi tena. Mstari baada ya mstari. Kifaa ambacho waliokitengeneza wenyewe wamekipa mgongo, mtu mwingine kabisa ameketi na kukisikiliza spika ya kushoto! Hakuna aliyemtuma. Kampuni haimjui. Mimi simjui. Na kama asingefanya, hakuna ambaye angemlaumu.

Nimetiririkwa na machozi kwenye kaki ya watu. Mwenzangu wa meza ya vifungo akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia, hapana, nimesoma kuhusu spika.

Halafu shemeji akanionyesha majina. Wote waliochangia mfumo wenyewe, ule ambao simu na tableti zote zinautumia. Nilidhani ni ishirini, thelathini. Nikavuta kwa kidole. Nikavuta. Nikavuta tena. Kengele ya kurudi kazini ikalia sijafika mwisho. Na kati yao wapo waliotafsiri kwa Kiswahili! Mahali ambapo mfumo unakuambia usubiri, mtu fulani aliandika "Subiri kidogo". Hilo "kidogo" ni adabu tu, hakulazimika kuliweka. Nimelitazama hilo neno moja kwa muda mrefu kuliko ninavyotazama habari.

Jumapili, 9 Machi

Balaa.

Tulianza vizuri. Maneno ya Mama nikayahifadhi kwenye memori kadi, nikaitoa, nikaifunga kwenye leso, leso kwenye bakuli la sukari. Shemeji akaja na kompyuta yake na waya tatu. Kwanza ilibidi kufungua kufuli ya ndani, ile inayozuia usiweke mfumo mwingine. Hapo nikapandwa na hasira kweli. Kifaa ni cha Mama! Kipo mezani kwake, amekishika mwaka mzima, ndio mdomo wake — na ufunguo anao mtu mwingine, mahali pengine, ambaye hata hajui kama Mama yupo! Nilisema maneno ambayo hayafai Jumapili. Mama alikuwa akinitazama kwa makini sana.

Kufuli ikafunguka. Shemeji akauliza: mfumo upo wa aina mbili, wa tableti yenye laini na wa isiyo na laini. Hii ni ipi?

Nikamwonyesha kile kitundu cha pembeni, na kijisahani chake kinachochomoka. Si hapa panapoingia laini?

Akakitazama sekunde moja. Miaka kumi na tano anatengeneza simu, kila kitundu cha pembeni alichokiona kimekuwa cha laini. "Hapo hapo," akasema.

Akaiflashi, yaani akaumimina mfumo mpya ndani yake.

Ikawaka. Alama ya kampuni. Ikazima. Ikawaka. Alama. Ikazima. Tuliitazama ikifanya hivyo mpaka chai ikapoa. Ndipo mdogo wangu, aliyekuwa akipita na ufagio, akauliza ile memori kadi mliitoa wapi.

Kwenye kitundu cha pembeni.

Shemeji akakaa chini. Hakuna laini kwenye tableti hii, haijawahi kuwepo. Tumeipa mfumo wa yenye laini.

Jumatatu, 10 Machi

Imekufa. Nimekata mikono kumi na minne ya mashati kinyumenyume.

Mama anaonyesha kwa kidole. Nakisia. Nakosea.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji aliandika kwenye ule ukurasa usiku wa Jumapili, kwa aibu, akieleza tulichofanya. Alinisomea alichoandika. Aliniweka na mimi humo! "Shemeji yangu aliniambia." Makubwa.

Leo kumejibiwa. Na aliyejibu ni yeye mwenyewe, yule mmoja. Jina lake la mtandaoni ni herufi na namba tu, hatujui ni mwanamume au mwanamke, hatujui anakaa wapi, lugha yake tumeitafsiri kwa mashine. Lakini maneno haya nayanakili hapa yasinipotee:

"Msiogope. Haijafa. Inatafuta laini ambayo haina, ndiyo maana haifiki mwisho. Na mimi nilifanya kosa hilo hilo mwaka wa kwanza."

Halafu hatua kumi na moja, zimepangwa kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Kuna sehemu moja inabidi apike faili jipya kwa ajili yetu, kwa sababu ya toleo la kiwanda tulilo nalo. Anasema atalimaliza Ijumaa, akitoka kazini. Kwa ajili yetu! Watu wawili waliochanganya kadi na laini!

Nikamwomba shemeji amuulize kwa nini anahangaika na tableti iliyotupwa, tena peke yake, wakati wenzake wote wako kwenye simu. Jibu likaja kabla sijafika kituo cha basi. "Ninayo moja jikoni, imetundikwa ukutani. Ninaipenda."

Basi. Hilo tu.

Nimekwenda kumweleza Mama kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Alipiga paja lake mara mbili. Zamani, mtu akimsimulia kitu kizuri kwenye waya, alikuwa akipiga meza hivyo hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji amekuja na ile simu yake ya miaka minane. Tuitumie kwa muda tu, anasema, mpaka tableti ipone. Sikubisha. Siku nne zimebaki, na kiburi changu kiko kwenye kitundu cha pembeni.

Akaweka programu ya Mama. Akaingiza maneno yangu kutoka kwenye memori kadi. Yote mia nne na kumi na mawili! Nikapumua.

Programu ikauliza: je, ungependa kufunga kwa namba ya siri, mtumiaji asiweze kubadili vitufe? Shemeji akaniuliza kwenye tableti nilitumia namba gani. Nikamtajia. Mwaka niliozaliwa.

Mama akageuka.

Sikujua kama hajui. Niliweka ile namba siku ya kwanza kabisa, asije akafuta kitu kwa bahati mbaya. Kwenye kona ya skrini kuna alama ya kujumlisha, ya kuongeza neno jipya. Mwaka mzima nimemwona akiigusa. Inamwambia "Imefungwa". Anaigusa tena kesho. Mimi nilidhani ni mtetemeko.

Jumapili nilitukana kampuni nzima, mbele yake, kwa kosa lile lile. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia shemeji asiweke namba yoyote.

Mama akaichukua simu. Kidole kikaelea, kikatua. "Mimi." Akatafuta ukurasa mwingine, polepole. "Nina njaa." Akatikisa kichwa kwa hasira. Akajaribu tena. "Nina njaa." Shemeji akamletea mkate. Akamsukuma shemeji pamoja na mkate wake. Mara ya tatu ikapatikana, kitufe cha jirani: "Nina hasira." Tukaangua kicheko, wote, na yeye pia, kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

Kisha shemeji akazama kwenye mipangilio, akasema, shemeji njoo uone. Kuna mahali unauambia mfumo usisikilize mguso wa haraka, usubiri mpaka kidole kitulie. Chini yake yameandikwa maelezo mafupi: kwa mikono inayotetemeka.

Kuna mtu amekaa mahali fulani akaufikiria mkono wa mama yangu. Hajawahi kuuona.

Tumeiwasha hiyo. Mama akabonyeza, akatulia. "Nyinyi." Akabonyeza, akatulia. "Maswali." Akabonyeza. "Hakuna."

Mdogo wangu ndiye aliyeelewa kwanza. "Anasema hamkumuuliza," akasema. "Tableti au simu. Wiki nzima mmebishana, hamkumuuliza."

Ndiyo maana alipiga meza siku ile. Na sisi tukamletea maji.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi kutoka kazini, mlango uko wazi, kiti cha Mama kitupu.

Chooni hayupo. Kwa jirani hayupo. Nimekimbia barabarani na sentimita yangu ya kupimia shingoni, nikiuliza kila mtu. Yule wa kunyoa nywele akanionyesha kwa wembe: dukani.

Alikuwa amesimama mbele ya kaunta, amejiegemeza kwa kiwiko, simu mkononi. Mwenye duka ameinama kuelekea kwake kama mtu anayesikiliza redio. Na simu ikasema, kwa ile sauti ya mashine isiyojali: "Kiberiti."

Mimi sijawahi kuweka kiberiti! Nayajua yote mia nne na kumi na mawili na kiberiti hakimo. Jiko liko upande wangu, moto nawasha mimi, kiberiti cha nini?

Nikaichukua simu nikaangalia. Kitufe cha mia nne na kumi na tatu. Picha ameipiga mwenyewe, imekaa upande, kidole chake kinaonekana pembeni, lakini ni boksi letu la kiberiti, lile lililobaki tupu. Na neno chini yake limeandikwa herufi kwa herufi. Amelinakili kutoka kwenye boksi! Mtaalamu wa matamshi alituambia herufi zinaweza kurudi siku moja au zisirudi. Zimerudi kwa kupitia boksi la kiberiti. Zote saba — nane! Nimehesabu tena. Nane.

Hatua mia moja na sitini kutoka nyumbani mpaka dukani. Mwaka mzima hajazitembea. Si kwamba miguu haikuweza, miguu ilikuwa inaweza tangu mwezi wa tano. Mdomo ulikuwa mezani kwangu, umechomekwa kwenye chaji.

Mwenye duka akaniambia, mama yako ana utani, ameniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia hicho ni kitufe cha ukurasa wa kwanza. Akasema, hata kama.

Nilitaka kumgombeza Mama njia nzima. Sikuweza. Alikuwa anatembea mbele yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Imefufuka!

Faili lilifika jana jioni kama lilivyoahidiwa. Leo asubuhi shemeji alikuja hajanywa hata chai. Hatua kumi na moja, tukazifuata kama watu wanaobeba mayai. Ikawaka. Alama. Tukashika roho mkononi. Ikazima — hapana, ilifumba tu! Skrini ikafunguka, pana, nyeupe, na katikati yake: "Subiri kidogo."

Nimepiga kigelegele. Shemeji akanikumbatia, kisha akakumbuka mimi ni nani akaniachia.

Na ni nzuri! Nyepesi, haraka, haina takataka zile za kampuni. Vitufe ishirini na vinne vimejipanga. Spika ya kushoto inasikika. Nimeibusu spika ya kushoto.

Jambo la kuchekesha: shemeji sasa ndiye wakili wa tableti. Ametokwa jasho kwa ajili yake, basi haoni kingine. Simu ni ndogo, anasema, ataumia macho, vitufe sita ni mateso. Nami nikajisikia nikimjibu kwamba inaingia mfukoni, ina kamera. Tumebadilishana maneno yetu yote ya wiki iliyopita, neno kwa neno, kama watu waliokosea makoti.

Safari hii nilikumbuka. Nikamgeukia Mama. Nikamuuliza, nikasubiri.

Aliiangalia tableti. Akaipangusa skrini kwa upande wa kiganja, taratibu, kwa heshima, jinsi mtu anavyompongeza mgonjwa aliyepona. Akaisimamisha vizuri mezani. Kisha simu akaitia mfuko wa sweta akafunga kifungo.

Nimeandika kwenye ule ukurasa, kupitia shemeji, kwamba tableti yake imepona na inasema. Sikujua niseme nini tena. Nimeandika ahsante, nikaona ni ndogo, nikaiacha hivyo hivyo.

Kesho Kaka. Nimemwandalia Mama ukurasa mmoja wa maneno ya kumwambia: "Nataka." "Kukaa." "Hapa." "Kwa." Na picha yangu. Nimeuweka kwenye tableti, mbele kabisa.

Jumapili, 16 Machi

Naandika jikoni. Kaka amefika saa nne, amenenepa, ameleta maua. Shemeji na mdogo wangu wapo. Mama amevaa gauni la bluu, la kazini, la zamani. Amelichagua mwenyewe.

Kaka hakuzunguka. Alivuta kiti mbele yake, akashika mkono wake ulio dhaifu. "Mama, nimekuja tuzungumze. Unataka kukaa kwangu, au ubaki hapa kwa mdogo wangu? Sema unavyotaka. Sitakasirika."

Nilisogeza tableti karibu. Ukurasa ule ule. Picha yangu inacheka.

Mama akafungua kifungo cha sweta akatoa simu.

"Nyumbani," simu ikasema.

"Nyumbani kwa nani, Mama?"

Kidole kikatulia. "Mimi."

Kaka akanitazama, mimi nikamtazama. Ile nyumba ya Mama mwenyewe, ya vyumba viwili, imefungwa tangu siku ya hospitali. Nimeifagia mara mbili tu. Wala haikunijia akilini. Kati ya kwake na kwangu, sote wawili, haikutujia!

Kaka akajikohoza. Akauliza, tena si kwa ubaya, na utakaa na nani huko?

Mama akaanza kutafuta. Ukurasa wa watu. Akaupita: mimi, Kaka, mdogo wetu, shemeji, daktari. Ukurasa wa mahitaji. Akaupita. Ukurasa wa hisia. Nilikuwa namfuata kwa macho, kurasa zile nimezitengeneza mimi, najua kila kimoja kilipo. Najua na neno analolitafuta. "Peke yangu." Halimo. Nilimwekea "nisaidie", nilimwekea "nishike", "njoo", "usiende". Mara mbili nilimwekea "usiende", kwenye kurasa mbili, asilikose. Maneno mia nne na kumi na mawili na hilo halikunipitia.

Alipofika ukurasa wa mwisho nikafungua mdomo nimsemee. Nilikuwa nalo tayari. Akainua ule mkono wa kulia, ambao haujainuka tangu mwaka jana zaidi ya usawa wa meza. Ukafika kifuani. Nikafunga mdomo.

Akabonyeza. "Chai." Akaninyooshea kidole.

Ndiyo maana niko jikoni. Amenitoa nje.

Kutoka hapa namwona kwa upenyo wa mlango. Amegusa alama ya kujumlisha. Herufi zimefunguka. Hana boksi la kunakili, neno hili halijaandikwa popote, analitoa kichwani mwake mwenyewe. Kidole kinakaa juu ya herufi moja mpaka kitulie, kisha kinatafuta nyingine. Shemeji amekalia mikono yake. Kaka alianza kukisia, Mama akamtazama, Kaka akaacha. Wote wanasubiri. Mashine nayo inasubiri, jinsi ilivyofundishwa.

Maji yanachemka, yanapiga kelele. Nimezima jiko nisikie.

Simu imesema, "Peke."

Kaka ameuliza, peke nini, Mama? Ameinamisha kichwa tena, anatafuta neno la pili.